Mkija Garsen na Kamera: Barua ya Wazi kwa Wapiga Picha na Mashirika

KWA: Wapiga picha, wanahabari, watengenezaji filamu, na maafisa wa mawasiliano wa mashirika ya misaada na ya uhifadhi wanaofanya kazi Tana Delta

MINTARAFU: PICHA ZETU NA UJUZI WA KUZIPIGA

Ndugu waheshimiwa,

  

Nawaandikia kama mtu wa kazi moja nanyi. Napiga picha hapa Garsen, Kaunti ya Tana River: za pasipoti, za harusi, za kufunga shule, za watoto wanaotimiza mwaka. Kila Jumamosi nafundisha vijana wa mjini na wa vijiji vya karibu kupiga picha kwa simu zao na kwa kamera chache kuukuu tulizo nazo. Wamo Wapokomo, Waorma, Wardei, Wagiriama na Wasanye. Hawalipi kitu. Nafundisha kwa sababu napenda picha, na mapenzi ya peke yako hayanogi.

Nanyi mnapokuja mnasema mmekuja kushirikiana na jamii katika picha. Kwa mwendo mnaokwenda nao, jamii inatoa nyuso zake, nanyi mnaondoka na picha, ujuzi na jina. Sitaki mwache kuja. Nataka masharti ya kuja yabadilike. Malalamiko yangu ni haya.

1. Mnatujua siku za maji na siku za damu

Mto Tana una urefu wa kilomita 1,000 hivi, na maji yake mengi hutoka Mlima Kenya na milima ya Aberdare. Mvua ikikaza huko juu na bwawa la Masinga likifurika, sisi huku chini tunaweza kupata mafuriko na jua linawaka. Yalitukuta mwaka 2018, yakatukuta mwishoni mwa 2023, yakarudi Aprili na Mei 2024. Kila mara mlifika. Kila mara picha zilikuwa zile zile: paa la nyasi juu ya maji, mama ndani ya mtumbwi, mtoto na jerikeni, kisha moja ya droni kutoka angani.

Sisemi picha hizo ni za uongo. Mwishoni mwa Aprili 2024 mashua ilizama Kona Punda, upande wa juu wa kaunti yetu, na watu wakafa. Nchi ilistahili kuona. Lakini maji yakianza kushuka nanyi mnafunga mabegi, wakati kazi ya mto ndiyo kwanza inaanza. Tope linaloachwa ni mbolea. Mpunga, mahindi na migomba hupandwa kwa kufuata unyevu. Maziwa madogo yaliyo kando ya mto hujaa kambare. Majani huota, na kiangazi kikikaza bara, ng'ombe wa Waorma na Wardei huteremka deltani kwa sababu ya majani hayo. Hayo yote hayamo katika picha zenu. Anayetujua kupitia kwenu huamini kwamba mafuriko ni adui na basi. Mtu wa namna hiyo akikaa katika ofisi inayopanga mabwawa, kama lile la High Grand Falls linalozungumzwa miaka mingi sasa, atatunyima maji akidhani anatuokoa.

Upande wa damu ni hivyo hivyo. Tarehe 22 Agosti 2012, katika mapigano ya wakulima wa Kipokomo na wafugaji wa Kiorma, watu zaidi ya 50 waliuawa kijiji cha Riketa. Septemba ikawa Kilelengwani, Disemba ikawa Kipao. Mlikuja, mkapiga, na ushahidi ule ulihitajika. Tatizo ni maisha ya picha zile baadaye. Nimeona picha ya 2012 ikiwekwa juu ya habari ya ugomvi wa shamba uliotokea miaka mingi baadaye, bila tarehe, bila neno lolote la kumwambia msomaji kwamba moshi ule ulizimika zamani. Kijana aliyekuwa na miaka mitano wakati wa Riketa leo ana simu mkononi na hasira anazoweza kuazimwa. Kwetu, picha ya vita isiyo na tarehe ni kiberiti.

2. Hamwandiki majina

Angalieni maelezo ya picha zenu. Afisa aliyeleta msaada ana jina na cheo. Aliyeupokea ni "mwanamke wa Tana River" au "mwathiriwa". Wapo pia wanaokuja kwa ajili ya ndege, na wana haki ya kuja: delta hii iliandikishwa mwaka 2012 kuwa ardhioevu yenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar, hekta 163,600. Wengine hupanda hadi hifadhi iliyoanzishwa 1976 kwa ajili ya mbega mwekundu wa Tana na mangabei. Wakirudi, ndege ana jina la Kilatini na mbega ana jina la Kilatini, lakini mzee aliyepiga kasia tangu alfajiri ili picha ipatikane ni "mwenyeji". Kumwuliza mtu jina lake hakumalizi betri ya kamera.

Ridhaa nayo ina utata wake. Fomu huja kwa Kiingereza, na huja wakati watu wamepanga foleni ya unga. Mama mwenye njaa ya watoto hawezi kukataa picha mbele ya anayegawa chakula. Ile sahihi yake ni ya unga. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inasema picha inayomtambulisha mtu ni data yake, na kwa mtoto lazima mzazi au mlezi akubali. Sheria hiyo imewapa wanahabari nafasi yao pale penye maslahi ya umma, na ni sawa. Haikumpa afisa wa mawasiliano anayetafuta jalada la ripoti ya mwaka. Septemba 2023 Kamishna wa Data alitoza shule moja ya Nairobi faini ya shilingi 4,550,000 kwa kutangaza picha za wanafunzi bila ridhaa ya wazazi. Mtoto wa Idsowe, hapa Tana Delta, ana haki ile ile ya mtoto wa Nairobi.

Wapo pia wanawake wetu wasiotaka kabisa kupigwa picha na mwanamume mgeni. Katika harusi nyingi za pwani simu huachwa mlangoni, kwa sababu ndani wanawake wamejifunua kwa wenzao. Kwa hilo hatuhitaji semina ya kutubadilisha. Tunahitaji mabinti wa hapa wanaojua kamera, ili harusi zipigwe na wao na fedha za kazi hiyo zibaki kwao.

3. Mafunzo yenu ni ya juma moja, na kamera mnarudi nazo

Hili ndilo linaloniuma kuliko yote, kwa sababu linawagusa wanafunzi wangu. Shirika moja lilikuja na mradi wa "kuwapa vijana sauti kupitia picha". Vijana wakapewa kamera nzuri, wakafundishwa kwa siku chache, wakatumwa vijijini. Wakaleta kazi ya kupendeza. Siku ya mwisho kamera zikahesabiwa, zikarudishwa kwenye masanduku, zikapanda gari. Memori kadi nazo zikaenda. Miezi ikapita, binti mmoja akaikuta picha yake kwenye tovuti ya shirika, na chini yake limeandikwa jina la shirika. Nilipoandika kuuliza, nilijibiwa kwamba kumbukumbu za nani alipiga ipi hazikuwekwa.

Kazi hii inaweza kufanywa vingine, na imewahi kufanywa hapa hapa Kenya. Mwaka 1997 mpiga picha Lana Wong alishirikiana na chama cha michezo cha vijana cha Mathare, MYSA, katika mradi wa Shootback. Vijana walipewa kamera za plastiki za bei rahisi, si za kifahari, wakapiga picha za mtaa wao wiki baada ya wiki na kuandika maneno yao wenyewe. Mwaka 1999 kazi yao ikawa kitabu. Mmoja wao, Julius Mwelu, akakua kuwa mpiga picha wa kazi na kuanzisha taasisi ya kuwafundisha watoto wengine wa Mathare. Kamera zile zingekwisha kwa juma moja, Mathare isingempata mwalimu huyo.

Sisi hatungojei mradi. Darasa langu la kwanza halina kamera. Mwanafunzi hutumwa sokoni arudi na habari ya mtu mmoja: nani, yuko wapi, ni lini, anafanya nini. Asiyeweza kujibu hayo manne hajawa tayari kubonyeza. Kisha tunaingia kwenye mwanga. Jua la mchana la Garsen huyafukia macho ya mtu kivulini, kwa hiyo msogeze mlangoni au chini ya paa la duka. Simu ikiona anga jeupe huufanya uso mweusi kuwa giza, kwa hiyo gusa uso kwenye kioo, si anga. Baada ya kupiga, mwonyeshe mwenyewe. Akisema ifute, ifute mbele yake.

Halafu nawatuma wawili wawili. Kijana wa Kipokomo huenda na mwenzake wa Kiorma kwenye malka, ile njia ya mifugo ya kufikia maji. Zamu nyingine huenda kwenye shamba la miembe. Wakirudi lazima waandike maelezo ya picha kwa pamoja. Hapo ndipo kazi yenyewe ilipo. Mmoja anataka kuandika kwamba ng'ombe wameingia shambani. Mwenzake anasema shamba limeziba malka. Watabishana hadi alasiri, wataulizana mpaka ulikuwa wapi zamani na nani anaukumbuka, na mwisho wataandika sentensi ambayo wote wawili wanaweza kuisoma mbele ya baba zao. Mikutano mingi ya amani niliyohudhuria haikufika hapo.

4. Picha hazirudi

Pwani hii ina historia ya picha, nayo ni historia ya picha kwenda nyumbani na mwenyewe. Mombasa, watu walivaa vizuri wakaenda kwa N. V. Parekh. Lamu, Omar Said Bakor alikata na kubandika picha za wateja wake kwa ubunifu ambao mpaka leo wataalamu wanauandikia vitabu. Likoni, katika miaka ya 1990, wapiga picha wa karibu na feri walisimamisha vibanda vyenye mandhari ya kuchorwa, na msafiri akachagua anataka kuonekana yuko wapi. Wateja walikuwa matajiri kwa maskini, na kanuni ilikuwa moja: aliyekaa mbele ya kamera aliamua aonekaneje, na picha akaishika mkononi.

Nyinyi mmeigeuza kanuni hiyo. Nyuso za watu wa vijiji vya Wema, Hewani na Chara zimetundikwa katika kumbi za Nairobi na Ulaya, na wenye nyuso hawajapata hata nakala ya kuweka ukutani. Mkisema hakuna njia ya kuwafikishia, nitawakumbusha Picha Mtaani. Baada ya machafuko ya uchaguzi ya 2007 na 2008, Boniface Mwangi na wenzake walizitoa picha za vita kwenye makabati wakazisimamisha barabarani, katika miji ile ile iliyoumia, ili watu wajione na kusemezana. Kama picha chungu kiasi kile ziliweza kurudi, picha ya mzee na mtumbwi wake inashindwa na nini?

Watu wa Tana si wachoyo. Sauti ya Wimbo wa Taifa wa Kenya ilitokana na wimbo wa Kipokomo wa kubembeleza mtoto, uliotolewa na Mzee Meza Morowa Galana. Wakenya wengi husimama wima kwa sauti hiyo bila kujua ilitoka kando ya mto gani. Hatutaki picha zetu nazo zipate safari ya aina hiyo.

Tunachoomba

Maombi yetu ni saba, na hakuna hata moja linalozidi gharama ya gari mnalokodi.

Kwanza, kila mliyempiga picha iliyotumika apate nakala iliyochapishwa, ndani ya miezi mitatu. Printa ndogo za kubebeka zipo. Msipoweza, tumeni picha kwetu Garsen pamoja na gharama ya karatasi. Tutachapisha na kufikisha kwa bodaboda.

Pili, mkileta mafunzo, kamera zibaki na mwalimu arudi. Mpango uwe wa mwaka mmoja angalau. Hatuchagui mpya: kamera mliyoacha kuitumia, ikiwa na chaja na betri nzima, inatutosha. Nusu ya wanafunzi wawe mabinti, na mwanamke awe miongoni mwa walimu.

Tatu, ajirini wapiga picha wa hapa. Mafuriko yakija sisi tupo kabla barabara haijakatika, na tunajua nani hupenda kupigwa na nani hapendi. Lipeni bei mnayomlipa wa Nairobi, na jina liandikwe.

Nne, maelezo ya kila picha yawe na jina la mtu, akiridhia, pamoja na kijiji na tarehe. Picha yoyote ya mapigano ya 2012 na 2013 isitolewe tena bila mwaka wake kuonekana wazi.

Tano, maonyesho yaanzie Garsen. Uwanja upo, kuta za shule zipo. Wazee wa baraza la Gasa la Wapokomo na la Matadeda la Waorma waalikwe kutazama kabla picha hazijakwenda ng'ambo. Hatuwaombi wawe wakaguzi. Wanajua ni picha gani itafunua kidonda, na mtafaidika kuwasikiliza.

Sita, tusaidieni kunakili picha za familia. Mafuriko yaliingia ndani ya masanduku. Watu huniletea picha za wazazi zilizogandana kama karatasi moja, na mara nyingi wameshazianika juani, na hapo hazibanduki tena. Wenzangu mnaosoma hii, waambieni watu: picha iliyolowa isiachwe ikauke ikiwa imegandana, iloweke kwenye maji safi baridi, itenganishe polepole, ianike kivulini uso ukiwa juu. Mkija na skana kwa siku chache tu, mtaokoa vizazi.

Saba, tuanzishe pamoja picha za mahali pamoja. Tuchague vituo vichache, kama daraja la Garsen na mashamba ya Ozi ambako maji ya chumvi yanapanda kutoka baharini. Kila mwezi kijana asimame pale pale, aelekeze upande ule ule, apige. Baada ya miaka michache tutakuwa na ushahidi wa jinsi mto unavyohama na chumvi inavyosogea, na mkulima wa Ozi hatakwenda kwenye kikao cha mabwawa na mdomo mtupu.

Neno moja pia kwa viongozi wetu wa kaunti. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezikabidhi kaunti utamaduni, maktaba, makumbusho na vyuo vya ufundi vya vijiji. Chumba kimoja chenye kabati kavu na kompyuta, pamoja na somo la upigaji picha katika chuo cha ufundi, vimo ndani ya kazi hiyo. Tunaomba viingie kwenye bajeti ijayo, na tutakuja kwenye vikao vya maoni ya umma kuyasema haya.

Yetu tutakayofanya

Hatuji mikono mitupu. Atakayekubali masharti haya tutampokea, tutampeleka kwa chifu, tutamtafutia mkalimani wa Kipokomo na wa Kiorma, tutamwonyesha mahali mtumbwi unapopita salama na saa ambayo mwanga wa mto ni mzuri. Tutamwita pia siku ambazo hamjawahi kuja: mavuno ya mpunga, msimu wa maembe, harusi, mechi za mpira, siku ya soko. Atapata picha ambazo anayekimbilia mafuriko tu hazipati.

Asiyekubali hatutamzuia, maana nchi ni huru na barabara ni ya wote. Lakini vijana wa darasa la Jumamosi wameafikiana kwamba hawatakuwa tena waongozaji, wakalimani wala wabeba vifaa wa mtu asiyetia sahihi masharti haya, yaliyoandikwa kwa Kiswahili, kabla ya picha ya kwanza. Nimewaunga mkono, na nakala za fomu hiyo ziko studioni kwangu. Mvua ndefu huanza Machi. Tunaomba majibu yenu kabla ya hapo, ili maji yakija tena tuwe tumeshajua ni nani kati yenu tunafanya naye kazi.

Wenu katika kazi,

Mpiga picha na mwalimu wa darasa la Jumamosi,
Garsen, Kaunti ya Tana River

Nakala kwa:
Idara ya kaunti inayosimamia utamaduni
Wazee wa Gasa na wazee wa Matadeda
Walimu wakuu wa shule za upili, Tana Delta
Wanafunzi wote wa darasa la Jumamosi